Posho ya semina ya chama inatoka mfukoni mwa nani?

Swali limetoka kwa kijana mmoja, katibu wa vijana wa chama chake katika kata moja mkoani Morogoro. Kwa ufupi anasema hivi: "Shikamoo mwalimu. Chama kimenichagua kwenda semina ya siku tatu. Barua ya mwaliko ina nembo mbili, ya chama chetu na ya taasisi ya Kijerumani. Nauli, malazi na posho wanalipa wao. Mjomba wangu ananiambia nisiende, eti chama cha Wajerumani kinatununua. Wenzangu wanasema nichukue posho ninyamaze. Hawa ni akina nani, wanataka nini kwetu, na kwa nini chama chetu chenyewe hakina taasisi ya namna hiyo?"

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako kauliza jambo la maana, ingawa jibu alilojipa silo. Wanaonitia wasiwasi ni hao wenzako wa "chukua unyamaze". Nimeendesha semina za aina hii miaka mingi, kwa vyama zaidi ya kimoja, na nimeona nini hutokea watu wakienda nazo hivyo.

Nianze na hela. Hiyo utakayosainia si ya chama cha Ujerumani. Ni kodi ya Wajerumani. Bunge lao, Bundestag, huipitisha kila mwaka ndani ya bajeti ya serikali, na sehemu kubwa ya ile inayofika huku hupitia Wizara ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo. Ukizijumlisha taasisi zote, kazi zao za ndani na za nje pamoja na ufadhili wa wanafunzi wa vyuo vikuu, ni zaidi ya euro milioni 600 kwa mwaka. Kwa hiyo anayelipia chumba chako cha kulala ni dereva wa basi wa Köln na muuguzi wa Leipzig, ambao pengine hata chama husika hawakukipigia kura.

Tazama tena ile nembo uone ni ipi. Friedrich-Ebert-Stiftung iko karibu na chama cha SPD cha wanademokrasia wa kijamii. Konrad-Adenauer-Stiftung iko karibu na CDU cha wanademokrasia wa Kikristo, na Hanns-Seidel-Stiftung na CSU cha jimbo la Bavaria. Friedrich-Naumann-Stiftung ni ya waliberali wa FDP, Heinrich-Böll-Stiftung ni ya chama cha Kijani, na Rosa-Luxemburg-Stiftung, yenye ofisi Dar es Salaam, ni ya Die Linke upande wa kushoto. Neno "Stiftung" maana yake ni wakfu, lakini kisheria ni Naumann peke yake iliyo wakfu kweli. Nyingine zote ni jumuiya zilizosajiliwa, zenye wanachama na mikutano mikuu.

Ya zamani kuliko zote ni ya Ebert, na napenda kusimulia ilivyoanza kwa sababu haikuanza na serikali. Friedrich Ebert alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi. Akapanda kupitia vyama vya wafanyakazi mpaka akawa rais wa kwanza wa Ujerumani kuchaguliwa kidemokrasia, mwaka 1919. Alipofariki Februari 1925, michango iliyokusanywa kwenye mazishi yake ndiyo iliyoanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa kifanyakazi wasio na uwezo. Rambirambi ikawa ada ya shule. Wanazi waliifuta taasisi hiyo 1933 walipovipiga marufuku vyama, na baada ya vita ikafufuliwa. Wajerumani walikuwa wamejionea nchi ikiwa na katiba, bunge na uchaguzi, na bado wananchi wakaiacha demokrasia ianguke mikononi mwao. Ndiyo sababu baada ya 1945 waliiona elimu ya siasa kuwa kazi ya kudumu, ya mwaka hadi mwaka, uchaguzi uwepo usiwepo.

Ila namna ya kuigharamia iliwagombanisha. Vyama vilikuwa vinachota bajeti ya serikali moja kwa moja kwa jina la elimu ya siasa. Mwaka 1966 Mahakama ya Katiba, iliyoko Karlsruhe, ikasema hapana: serikali inaweza kurudishia vyama gharama za lazima za kampeni, haiwezi kugharamia kazi zote za chama. Tangu mwaka uliofuata fedha za elimu zikaanza kupewa hizi taasisi badala ya vyama. Chama cha Kijani, kilipokuwa bado kichanga bungeni, kiliupinga utaratibu huo mahakamani kikisema ni mlango wa nyuma wa kuvilisha vyama. Mwaka 1986 mahakama ikakataa hoja yao, lakini ikaweka sharti ambalo nakuomba ulishike kuliko yote niliyokuandikia: taasisi iwe na uongozi wake, watumishi wake na hesabu zake, na wakuu wake wasiwe ndio wakuu wa chama. Sheria yao ya vyama nayo inakataza chama kupokea mchango wowote kutoka kwa taasisi hizi. Yaani Ebert hairuhusiwi kuipa SPD hata senti moja ya kuchapa mabango.

Ukuta huo una madirisha, sikufichi. Martin Schulz aligombea ukansela kwa tiketi ya SPD mwaka 2017, na mwaka 2020 akachaguliwa kuiongoza Ebert. Watu wanatoka nyumba moja wanahamia nyingine, wanajuana, wanapigiana simu. Lakini ukuta upo, na siku ya shida unaonekana. Mwaka 2013 FDP ilipata asilimia 4.8 ya kura, chini ya zile 5 zinazotakiwa, ikatoka bungeni nzimanzima. Taasisi ya Naumann iliendelea kufanya kazi, na miaka minne baadaye chama kikarudi bungeni. Hebu jiulize chama gani huku kwetu kingepoteza wabunge wote halafu madarasa yake yakaendelea Jumatatu inayofuata.

Kwao pia mzozo haujaisha. Chama cha AfD, cha mrengo wa kulia kabisa, kilianzisha taasisi yake, Desiderius-Erasmus-Stiftung, ikanyimwa fedha, wakaenda Karlsruhe. Februari 2023 mahakama ikasema bunge haliwezi kugawa fedha za namna hii kwa mstari wa bajeti tu bila sheria maalumu. Kabla mwaka haujaisha sheria ikatungwa: chama kiwe kimechaguliwa kuingia bungeni mara tatu mfululizo kikiwa na wabunge wa kutosha kuunda kundi, na taasisi yenyewe iwe inasimamia misingi ya katiba ya kidemokrasia. Zaidi ya nusu karne hela zilikuwa zinatoka pasipo sheria hiyo. Nakutajia hili ili usidhani wenzetu walishushiwa utaratibu uliokamilika. Wanauvutana hadi leo.

Sasa, wanataka nini kwetu? Usimwamini anayekuambia hawataki kitu. Taifa halitumi kodi ya watu wake nje miaka sitini kwa huruma tupu. Wanataka marafiki. Wanataka kijana wa leo kwenye kata, akija kuwa mbunge au waziri miaka ishirini ijayo, awe anawafahamu, aijue lugha yao ya siasa, na simu ikilia aipokee. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ureno. Chini ya udikteta, Mário Soares na wenzake hawakuweza kukutana kwao, na tarehe 19 Aprili 1973 wakakiunda Chama cha Kisoshalisti cha Ureno katika mji mdogo wa Bad Münstereifel nchini Ujerumani, kwenye chuo cha Ebert. Mwaka mmoja baadaye udikteta ukaanguka, na Soares akaja kuwa waziri mkuu, kisha rais. Mreno wa mrengo wa kushoto atakuambia huo ulikuwa ukombozi. Mpinzani wake atasema ulikuwa mkono wa Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Mimi naona wote wawili wana haki, na chama kilichozaliwa pale kilikuwa cha Wareno kwa sababu watu wake walikuja na ajenda yao mkononi. Wangeenda mikono mitupu, wangerudi na ya wenyeji wao.

Ndiyo maana serikali nyingine huziogopa taasisi hizi. Misri ilivamia ofisi ya Adenauer jijini Cairo Desemba 2011 na kuwashtaki watumishi wake wawili. Walihukumiwa vifungo mwaka 2013 na kuachiwa huru na mahakama mwishoni mwa 2018. Urusi ilifuta usajili wa ofisi za Ebert, Naumann, Böll na Luxemburg Aprili 2022. Na Wajerumani si peke yao katika kazi hii. Marekani ina NDI na IRI tangu 1983, moja karibu na Democratic na nyingine karibu na Republican. Uingereza ina Westminster Foundation for Democracy tangu 1992. Waholanzi walianzisha NIMD mwaka 2000, vyama vyao vikiwa pamoja badala ya kila kimoja na chake, na ndio waliosaidia kusimama kwa Kituo cha Demokrasia Tanzania, TCD, ambako CCM na wapinzani hukaa meza moja.

Tukirudi kwenye semina yako, kuna kazi ya kufanya kabla hujapanda basi. Sheria ya Vyama vya Siasa, tangu marekebisho ya 2019, inamtaka mtu au taasisi yoyote, ya ndani au ya nje, inayotaka kutoa elimu ya uraia au mafunzo ya kujenga uwezo kwa chama, kumwandikia Msajili siku 30 kabla, ikieleza lengo, aina ya mafunzo, wahusika na zana zitakazotumika. Msajili anaweza kukataa, kwa sababu. Chama nacho kinawajibika kumtaarifu Msajili kuhusu fedha na misaada kinayoipata kutoka nje. Mwulize katibu wako wa wilaya kwa adabu: barua ya Msajili ipo? Nina maoni yangu kuhusu kifungu hicho. Siku 30 ni nyingi, na mamlaka ya kukataa ni makubwa mno kwa ofisi moja kuwa nayo juu ya darasa la wapinzani. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na semina iliyoandaliwa kienyeji huwaponza walioketi ukumbini kabla ya kuwaponza waliowaalika.

Kisha omba ratiba. Anayekufundisha ni nani, na anafundisha nini? Ukikuta siku ya kwanza ni ufunguzi na hotuba za viongozi, ya pili "changamoto na fursa", na ya tatu ni maazimio na picha ya pamoja, jua hapo hakuna darasa. Ukikuta kuna kusoma bajeti ya halmashauri, kuandaa hoja binafsi, kusimamia mawakala siku ya kupiga kura, kuandika taarifa ya mapato ya tawi, nenda.

Nikupe kisa kimoja. Mwaka 2019 tulikuwa katika mji mmoja kando ya ziwa, washiriki arobaini. Nusu ya majina yalikuwa yamebadilishwa usiku wa kuamkia semina. Vijana wa matawini walikatwa wakawekwa shemeji na wapwa wa wakubwa wa wilaya. Siku ya tatu, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, mhasibu akaingia na bahasha na orodha ya kusaini. Kufika saa tisa ukumbini walikuwa wamebaki watu tisa. Niliyaangalia mabango kitita yamejaa maandishi ukutani, na kalamu nene zimeachwa wazi mezani zinakauka. Hasira niliyokuwa nayo siku ile naikumbuka mpaka leo.

Katika wale tisa alikuwepo mama mmoja, diwani wa viti maalumu, na daftari la shule la mistari. Alikuwa amenakili kwa mkono kurasa nne za makisio ya halmashauri yake. Akaniuliza: "Hii asilimia 10 tunayoambiwa, asilimia 10 ya nini?" Tukakaa naye mpaka magharibi. Tulifungua sheria: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tukapiga hesabu kwa tarakimu alizonakili, kalamu ikipita juu ya kila mstari, na ikaonekana kilichotengwa hakikufika hata nusu ya kilichotakiwa. Kikao cha baraza kilichofuata alisimama akaomba orodha ya vikundi vilivyokopeshwa. Akaambiwa italetwa. Kikao cha pili akaomba tena. Cha tatu ikaletwa. Kwangu mimi, kodi ya yule dereva wa Köln ilifanya kazi yake kwenye lile daftari, na kwingineko katika ukumbi ule ilipotea.

Kwa hiyo posho ipokee, mwanangu. Nauli na chakula ni gharama halali, hukuibia mtu. Saini jina lako na kiasi ulichopewa kweli, na kama kiasi kwenye karatasi ni kikubwa kuliko kilichomo ndani ya bahasha, usisaini.

Swali lako la mwisho ndilo linalonikaa moyoni kuliko yote. Tulikuwa na vyuo vyetu. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa uhuru, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya Magogoni, ukivuka kwa pantoni. Wakulima, makarani na viongozi wa vyama vya ushirika walikwenda kusoma uchumi, historia na utawala, wengi wao wakiwa hawajamaliza hata sekondari. Kilichukua mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kule Oxford, lakini maswali yake yalikuwa ya hapa. Baadaye kikageuka kuwa chuo cha itikadi cha chama kimoja, kikazaa matawi kama Hombolo na Murutunguru. Hapo ndipo kilipoanza kupungua, kwa maoni yangu, kwa sababu darasa lisiloruhusu mwanafunzi kumpinga katibu mkuu linakuwa mahubiri. Vyama vingi vilipokuja 1992, kikaacha kuwa cha chama, na leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kinachotoa stashahada na shahada kama vyuo vingine. Vyama vipya havikurithi chochote.

Kenya walijaribu mapema nao. Taasisi ya Lumumba ilifunguliwa Nairobi Desemba 1964 kufundisha makada wa KANU, chama tawala cha wakati huo, ikiwa na msaada wa Kisovieti na baraka za Oginga Odinga, makamu wa rais. Haikumaliza mwaka. Ilinaswa kwenye ugomvi wa mirengo ndani ya chama, wanafunzi wake wakavamia makao makuu ya KANU, serikali ikaifunga. Chuo kilichokuwa mali ya kambi moja kilikufa na kambi hiyo.

Na sasa tunayo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa Februari 2022, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF. Majengo ni mazuri. Yamejengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Mpelekee mjomba wako habari hiyo, kwa kuwa kipimo chake kikiwa ni "nani kalipa", itabidi akipitishe na hapo pia. Tena hapo mlipaji ni chama chenyewe, kinachotawala nchi yake peke yake. Sisemi wasisome Kibaha. Nasema anayeogopa mkono wa mgeni aangalie mikono yote.

Hatuna taasisi zetu kwa sababu ruzuku ya vyama hulipwa kwa hesabu ya kura na wabunge, ikaingia mfuko mmoja, na mfuko ukiwa mmoja kampeni hula kila kitu. Mafuta ya magari, fulana, mawakala. Elimu haina mtu wa kuidai. Majirani zetu wa Kenya wamejaribu kufunga mlango huo kidogo. Sheria yao ya 2011 inaagiza Mfuko wa Vyama upate angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya taifa, na asilimia 30 ya mgawo wa chama itumike kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizoachwa nyuma. Vyama vimekuwa vikilalamika kuwa Hazina haitoi kiasi hicho, lakini kuna kifungu cha kushika unapokwenda mahakamani.

Ninachokitaka mimi kwetu ni sehemu ya ruzuku, hata asilimia 15 kwa kuanzia, itengwe kisheria kwa elimu ya wanachama na wananchi, iingie akaunti ambayo katibu mkuu hawezi kuitia saini, ya chombo chenye bodi yake, kinachokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kuchapisha hesabu zake gazetini. Kila chama chenye wabunge kiwe nacho. Wajerumani wakija, wakute darasa lipo na mtaala upo, wao wachangie vitabu. Hapo hata mjomba wako hatakuwa na la kusema.

Wewe nenda semina. Beba makisio ya halmashauri yako, yaombe kwa mtendaji wa kata wiki hii, asikuzungushe, ni haki yako kuyaona. Kaa viti vya mbele. Mhasibu akiingia na bahasha, saini, kisha urudi kwenye kiti chako. Ukifika nyumbani waite vijana wa kata Jumamosi hiyo hiyo, uwafundishe ulichokipata, kabla hakijapoa. Na uniandikie katibu wa wilaya alikujibu nini kuhusu ile barua ya Msajili.